Maître na Duka la Kakule

Kila mdaiwa husema si yeye. Maître Badibanga alikuwa amelisikia neno hilo tangu siku ya kwanza alipovaa joho la uwakili, na sasa lilikuwa halimwingii tena sikioni. Mmoja husema aliyekopa ni marehemu kaka yake. Mwingine hukubali kwamba ni yeye, ila fedha zilizama na mtumbwi kule Ubundu. Yuko anayeugua ghafla, na yuko anayeokoka. Kazi ya wakili wa benki si kushangaa. Kazi yake ni kungoja mtu amalize kusema, kisha amkumbushe kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Basi Jumatatu ile, katika mtaa wa maduka wa Kasuku, mjini Kindu, mfanyabiashara Kakule aliposimama mbele ya mlango wake na kusema, "Maître, hapana miye," Badibanga hakugeuza hata shingo. Alisimama barazani na koti lake la abakosti la kijivu lililopigwa pasi likanyooka, akimwangalia Okito, mtumishi wa mahakama ambaye kazi yake ilikuwa kufunga milango ya watu walioshindwa kesi. Okito alikuwa akipaka gundi nyuma ya karatasi ndefu yenye muhuri. Alipaka polepole, maana watu walikuwa wamejaa, na Okito alipenda kutazamwa.

"Mimi sina deni na banki," Kakule alisema tena. "Banki yenyewe sijaingia tangu Wazungu waliondoka ndani."

"Citoyen," Badibanga alimjibu bila hasira, akimwita mwananchi kama Serikali ilivyoagiza, "mwezi uliopita ulisimama mbele ya jaji. Akauliza kama wewe ni mfanyabiashara Kakule wa Kindu. Ukajibu nini?"

"Nilijibu oui."

"Ukaulizwa kama unajua habari ya deni la kamio, lori lililonunuliwa kwa fedha za benki. Ukajibu nini?"

"Oui. Najua habari yake. Kindu muzima wanajua."

"Basi."

Okito alibandika karatasi ya kwanza. Hapo mke wa Kakule, Mama Kyakimwa, akatoka upande wa nyuma akikimbia. "Papa Okito, nyungu iko kwa moto! Maharagwe ya watoto!" Okito akasimama na brashi mkononi. Sheria ilisema kila kilicho ndani kibaki ndani. Sheria haikusema lolote kuhusu moto. Akamtazama Maître, na Maître, aliyesoma sheria Kinshasa miaka mingi, akaona kwamba naye hajui.

Ikabidi karatasi ibanduliwe. Okito akaingia, akazima kuni, akatoka na sufuria ya maharagwe ameishika kwa majani ya mgomba, jasho likimtiririka. Ubishi ukaanza. Maharagwe ni chakula, na chakula cha watoto hakikamatwi. Lakini sufuria ni mali, nayo ilikuwa imeshaandikwa. Mwishowe jirani alileta beseni, maharagwe yakamiminwa humo mbele ya macho ya mtaa mzima, na sufuria tupu, bado ya moto, ikarudishwa ndani mikononi mwa sheria. Watu walicheka. Hata Badibanga alitabasamu kidogo. Kyakimwa hakucheka, aliinama akaokota punje zilizoanguka, moja moja, akazirudisha kwenye beseni.

* * *

Nyumbani chakula cha mchana kilikuja bila chumvi. Badibanga alitia tonge la bukari, ule ugali wa muhogo, mdomoni na kipande cha samaki, akatafuna, akamtazama mkewe, Ndaya.

"Mama Kabongo, chumvi?"

"Chumvi imeisha Kindu muzima," Ndaya alisema. Alikuwa amesimama, hakukaa mezani kama kawaida. "Nimezunguka maduka yote ya Wanande. Nikiingia, chumvi iko pale, naiona na macho yangu. Nikisema munipatie, wananijibu, Mama, utusamehe, imeisha. Hata mumoja hakunitukana. Wangenitukana ningejua la kufanya."

Badibanga alisukuma sahani. Aliwajua Wanande, wale wafanyabiashara kutoka milima ya kaskazini. Ndio walioshika maduka na malori ya mji. Aliwaheshimu kwa sababu walilipa madeni. Sasa mmoja wao amegoma kulipa na wote wanamtetea. Alimwambia mkewe kwamba hasira za wafanyabiashara ni kama mvua ya asubuhi, hazifiki saa sita.

"Kyakimwa alikuja hapa," Ndaya alisema. "Alikaa jikoni. Baba Kabongo, anasema mumekosea muntu. Aliyekopa ni Kakule mwingine. Yule wa kamio, aliyehamiaka Kampene kwa wachimbaji."

"Kaka yake?"

"Hapana. Hawana hata babu mumoja."

"Sasa mbona jina moja?"

Ndaya alivuta kiti, akakaa. "Kwao jina haitoki kwa baba. Mutoto mwanaume wa kwanza ana jina yake, wa pili yake, wa tatu yake. Kakule ni wa ine. Kila mama wa Kinande mwenye kuzaa wanaume wane, iko na Kakule nyumbani. Hapa Kindu tu wako wengi." Alichungulia dirishani, kisha akapunguza sauti, maana jirani yao alikuwa mtu wa Chama cha Rais. "Mbele haikuwa na shida. Huyu alikuwa Kakule Xavier, yule Kakule Henri. Halafu Serikali ikakataza majina ya Wazungu. Xavier ikatoka, Henri ikatoka. Ikabaki Kakule na Kakule."

Badibanga alikuwa mtu wa Kasai. Miaka yote aliyokaa Kindu aliamini kwamba Kakule ni jina la ukoo kama majina mengine, na kwamba akina Kakule wote ni watu wa nyumba moja yenye bahati ya biashara. Hakuwahi kuuliza. Mtu haulizi jambo analodhani analijua.

"Ni maneno ya mdaiwa," alisema hatimaye. "Hata mimi ningekuwa nadaiwa ningetafuta Badibanga mwingine."

"Kwetu mapacha wote si ni Mbuyi na Kabanga?" Ndaya aliuliza. "Kila nyumba ya mapacha, Mbuyi na Kabanga. Mbuyi mumoja akikula falanga za watu, utafunga Mbuyi wote wa Kasai?"

Hilo lilimchoma. Aliinuka bila kunawa, akarudi ofisini kwa miguu juani, na njiani alijaribu kukumbuka. Jalada la deni lilisema: Kakule, mfanyabiashara, Kindu. Majina yalipobadilishwa, makarani wa benki walinakili majalada yote upya, wakafuta kila jina la Kizungu, na karatasi za zamani zikachomwa uani. Jalada lililofika mezani kwake lilikuwa safi kama meno ya mtoto. Naye alipokwenda mtaa wa maduka kumtafuta mdaiwa, aliona ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu KAKULE, akaona kazi imekwisha.

Lakini pia mtu alisema oui. Alisema mbele ya jaji, mara mbili. Mtu asiye na deni anaitikiaje? Badibanga aliligeuza jambo hilo hivi na vile mpaka kichwa kikamuuma, na kila alipoligeuza lilikuwa na sura nyingine.

* * *

Meneja wa benki aliitwa Kankolongo, naye pia mtu wa Kasai. Mezani kwake hapakuwa na karatasi hata moja, ila kikombe cha kahawa, na ukutani picha ya Rais. Walizungumza Kifaransa, kama ilivyo desturi ya watu wawili waliosoma ambao hawataki kukumbushana udugu.

"Citoyen meneja, inawezekana tumemkamata asiyehusika."

"Inawezekana?" Kankolongo alirudia. "Una hakika?"

"Sina hakika."

"Kama huna hakika, hukumu inayo. Imetoka, ina muhuri, mnada ni Jumamosi." Meneja aliegemea kiti. "Maître, nimeona mawakili wakishindwa wakaja kulia hapa. Wakili aliyeshinda akaja kunilalamikia kwamba ameshinda vibaya, wewe ndiye wa kwanza."

Badibanga alijaribu kueleza habari ya mtoto wa nne. Alipokuwa akieleza, aliyasikia maneno yake mwenyewe, na kwa Kifaransa yalikuwa ya kipuuzi kabisa. Meneja alimsikiliza kwa adabu, akinywa kahawa.

"Wanande ni watu wa umoja," meneja alisema Badibanga alipomaliza. "Kakule huyu akilipa, watamtafuta Kakule yule wamalizane wenyewe. Deni litarudi, na hilo ndilo wakubwa wa Kinshasa wanalotaka. Umesahau mambo ya Bukavu?"

Hakusahau. Benki ilikuwa ikitafuta wakili wa kushika kesi zake zote za Kivu, akae Bukavu, katika nyumba yenye bustani inayotazama ziwa. Kankolongo alikuwa ameshaandika jina la Badibanga. Na nyumba hii ya Kindu wanayokaa sasa, nayo ilikuwa ya benki. Hata vitanda vilikuwa vya benki. Wanawe walilala juu ya magodoro ya benki.

"Ukitaka kumwandikia jaji kwamba umekosea, andika," meneja alisema. "Wewe ni mtu huru. Lakini hakikisha kwanza. Benki haiwezi kuchekwa kwa sababu ya 'inawezekana'."

Badibanga alitoka akiwa na nafuu kidogo. Ameambiwa ahakikishe, basi atahakikisha. Njia nzima neno hilo lilimtuliza, mpaka alipogundua kwamba hajui atahakikisha kwa njia gani.

* * *

Familia ya Kakule ilikuwa imehifadhiwa kwa mzee Nzanzu, mkubwa wa wafanyabiashara wa Kinande mjini, mtu mnene mpole mwenye duka la vitenge. Badibanga alifika Alhamisi jioni, jua halijazama. Watoto waliokuwa wakicheza uani walikimbia ndani walipomwona. Kakule mwenyewe ndiye aliyemletea kiti, akakipangusa kwa mkono, kisha akasimama pembeni kama mtu anayengoja kutumwa.

"Nimekuja kama mtu, si kama wakili," Badibanga alisema.

"Karibu," alijibu Nzanzu. "Tukuone ule mwingine."

"Nataka kujua jambo moja," alimwambia Kakule. " Duka lina jina lako ukutani. Kama deni si lako, jina lilifika pale namna gani?"

Kakule alijikuna kichwa kwa haya. "Duka ilikuwa ya Henri. Yeye njo aliandikisha jina. Alipoenda Kampene, akaniuzia. Rangi ilikuwa ingali mupya. Nikasema na bibi yangu, juu ya nini tulipe mwenye kuandika? Jina yangu njo ile ile."

Mzee Nzanzu alifumba macho kama anayeumwa na jino bovu. Ni wazi alikuwa amelisikia hilo mara nyingi wiki hii.

"Na mbele ya jaji, kwa nini ulisema oui?"

"Waliniita. Karatasi ikasema Kakule aende tribinali. Nikawaza wananiita niwasaidie kumutafuta Henri, juu nilinunua duka yake. Nikavaa nguo muzuri. Jaji akauliza kwa Kifaransa kama mi Kakule. Mi Kakule kweli. Akauliza kama najua deni ya kamio. Naijua kweli. Ningesema hapana, ningekuwa muongo." Alimeza mate. "Nikawaza, leo nimesaidia Serikali. Niliporudi nyumbani nilimuambia Kyakimwa, jaji ni muntu wa heshima, ameniaksanti."

Badibanga aliikumbuka siku hiyo. Alimkumbuka mtu huyu amesimama wima katika shati jeupe, anatabasamu. Yeye alidhani ni ufidhuli wa mdaiwa asiyeogopa.

"Sasa nifanye nini, Maître?" Kakule aliuliza.

"Kata rufaa. Fanya appel."

"Wapi?"

"Bukavu. Lakini appel haisimamishi mnada mpaka wakili aombe."

"Na hapa Kindu avocat ni nani?"

Mji mzima ulikuwa na wakili mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Mtoto mmoja alichungulia mlangoni, akarudishwa ndani kwa kuvutwa sikio.

Njia nyingine ilikuwepo, na Badibanga aliijua vizuri. Wakili wa benki mwenyewe akimwandikia jaji mistari michache kwamba amekosea mtu, mnada unasimama siku hiyo hiyo. Hakuitamka. Alijiambia kwamba bado hajahakikisha. Pengine wamepanga maneno. Pengine Henri na Xavier waligawana kamio. Pengine hata Henri hakuna. Lakini alipomtazama Kakule usoni mawazo hayo yaliona aibu, yakakimbia, na alipoangalia pembeni yakarudi.

"Maître," Nzanzu aliuliza, "weye mwenyewe unaamini nini?"

"Sijui."

"Sijui yako inatuuzia duka," mzee alisema. Hakuinua sauti. Alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima.

Ijumaa Badibanga alikaa ofisini na karatasi nyeupe mbele yake. Aliandika "Mheshimiwa Jaji", akasimama hapo. Aandike kwamba ana hakika? Hana. Aandike kwamba hana hakika? Wakili gani humwandikia jaji kwamba hana hakika? Mara aliona bustani ya Bukavu, mara aliona shati jeupe. Saa za kazi zilipokwisha, karatasi ilikuwa na maneno yale yale mawili. Nyumbani Ndaya alimwekea chakula, akakaa ng'ambo ya meza, akamtazama anavyokula bila chumvi.

* * *

Mnada uliitishwa Jumamosi baada ya salongo, kazi ya lazima ya umma. Watu walitoka kufyeka nyasi za Serikali, wakaja moja kwa moja na majembe na mapanga yao mabegani, miguu imejaa tope, kwa hiyo mtaa ulijaa kuliko soko. Wanande wote walikuwepo, wamesimama upande mmoja, kimya. Kankolongo alikuja na gari la benki, akabaki amekaa ndani, mlango wazi.

Okito alibandua karatasi yake, akafungua, akaanza kusoma vitu kwa sauti ya kanisani. Cherehani moja. Mizani. Vitambaa. Taa za mafuta. "Sufuria moja," alisoma, na mtu wa nyuma akapaza sauti, "Bila maharagwe!" Kicheko kikapita kote. Kakule alicheka pia, kicheko kidogo cha mtu anayetaka kuwaridhisha watu, na hicho ndicho kilichomvunja Badibanga. Asingecheka, labda angeweza kuvumilia.

"Okito," alisema. "Ngoja kidogo."

Kelele zikakatika. Okito akashusha karatasi. Meneja akatoa mguu mmoja nje ya gari. Kyakimwa, aliyekuwa amekaa chini kando ya beseni lake, akainua kichwa. Badibanga alikuwa ameinua mkono, na mkono ulikuwa bado juu, naye hakujua neno linalofuata ni lipi. Alikuwa kama anayesikia jina lake likiitwa na askari. Alifungua mdomo.

Nzanzu akajitokeza. Hakumtazama Maître. Alikwenda kwa Okito na mfuko wa turubai, akauweka juu ya mizani iliyokuwa imetolewa nje. "Deni yote," alisema. "Pamoja na ya gundi yako. Tumechangishana. Hatutaki mutoto wetu auzwe kama mbuzi."

Watu walishangilia, majembe yakagongana. Okito alipiga magoti kuhesabu. Mkono wa Badibanga ulishuka taratibu, na hakuna aliyeuona ukishuka isipokuwa mtu mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe. Angesema? Alikuwa ameanza. Neno lilikuwa njiani. Au pengine hapakuwa na neno, ni mkono tu. Alisimama pale akijitafuta ndani yake, na hakupata jibu, na aliona kwa uchungu kwamba hatalipata kamwe, maana Nzanzu alikuwa amewahi.

Meneja alimkaribia akamgusa bega. "Umeona? Asiyedaiwa halipi. Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Jua kali," Badibanga alisema. "Nilitaka tusogee kivulini."

* * *

Barua ya kumpeleka Bukavu ilikuja kabla mwezi haujaisha. Chumvi nayo ilirudi. Ndaya aliingia duka la kwanza akauziwa, kwa heshima ile ile. Wakaanza kufunga masanduku sebuleni. Kabongo, kifungua mimba wao, aliwafundisha wadogo zake kufunga kamba, na nyumba nzima ilikuwa na furaha ya safari, isipokuwa baba, ambaye alipita kati ya masanduku kama aliyesahau alichokuja kuchukua.

Asubuhi moja Kakule na mkewe wakabisha hodi. Kakule alivaa lile shati jeupe. Walikaribishwa, wakaketi ukingoni mwa viti, wakauliza hali ya watoto, wakaulizwa hali ya watoto. Kisha Kakule akatoa bahasha, akaiweka mezani.

"Nataka kumushitaki Kakule wa Kampene," alisema. "Anirudishie ile nimemulipia. Wenzangu walinikopesha, nitawalipa na nini?"

Badibanga hakuigusa bahasha. "Papa Kakule, mimi nilikuwa upande wa benki. Nilikushitaki wewe. Unakuja kwangu?"

"Njo kwa ile nakuja. Haki nilikuwa nayo, haikunisaidia. Weye hukukuwa nayo, ukashinda. Sasa sitafuti tena haki. Natafuta weye."

Hapakuwa na kejeli usoni mwake hata chembe. Badibanga angependa iwepo. Angejua kujitetea mbele ya kejeli. Mbele ya imani hii hakuwa na pa kushika. Alivuta karatasi na kalamu ili apate pa kutazama.

"Kakule yupi?" aliuliza. Aliuliza kwa mazoea ya kazi, na alipokwisha kuuliza ndipo akasikia alichouliza.

Kyakimwa akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Leo njo unauliza, Maître," alisema.

Chumba cha pili watoto waligombania kamba.

"Henri," alisema Kakule. "Kakule Henri."

Kalamu ilisimama. "Jina hilo halikubaliwi kwenye karatasi ya mahakama. Limekatazwa."

"Basi uandike Kakule, mufanyabiashara, Kampene. Si ilitosha ile siku?"

"Na Kampene kuna akina Kakule wangapi?"

Kakule alifikiri kidogo, akihesabu kimoyomoyo. "Wengi," alisema, akainamisha macho. "Lakini mimi mutoto analala na njaa, Maître. Uandike tu."

Badibanga alimwona kwa mawazo Kakule mwingine huko Kampene amevaa nguo nzuri, anaitwa mahakamani, anasema oui. Alijua pia kitu kingine, na hiki hakikuwa na ukungu wowote. Akiandika Henri, anaandika kwamba mdaiwa wa benki alikuwa Henri tangu mwanzo. Jaji ataliona jina lililokatazwa na kumwita ajieleze. Kankolongo atajua siku hiyo hiyo kwamba wakili wake ameweka kwa maandishi kwamba benki ilichukua fedha za mtu asiyedaiwa, na bustani ya Bukavu itatafutiwa mtu mwingine, na vitanda hivi vitadaiwa.

Alimtafuta Ndaya kwa macho. Alikuwa mlangoni, na shuka iliyokunjwa nusu mikononi. Hakumpa ishara yoyote.

Aliandika Kakule. Halafu akaandika Henri, kwa herufi kubwa, akakoleza wino.

"Wakikuuliza, huyu Henri ni nani?" Kakule aliuliza kwa hofu.

"Nitawaambia ni mtu niliyepaswa kumtafuta tangu mwanzo, na sikumtafuta." Akaweka kalamu chini. "Unisamehe, Papa Kakule."

Kakule alikuwa hajawahi kuombwa msamaha na mtu wa tai wala wa abakosti. Aliisukuma bahasha kuelekea kwa Maître, Maître akamrudishia, akaisukuma tena. Ndaya aliwatazama wakisukumana kwa muda, kisha akaingia chumba cha pili, akawaambia watoto wafungue kamba za masanduku.